Kazi Nzuri ni Ipi? Waulizeni Vijana wa Vitunguu Mang'ola

Kuna sentensi moja ambayo kila nikiisikia redioni mkono unakimbilia kuzima: "Vijana wa siku hizi wanachagua kazi." Anaisema mbunge, anaisema mkuu wa wilaya, anaisema mchungaji, na mjomba naye anaisema kwenye kikao cha harusi akiwa na chupa ya tatu. Eti ardhi imejaa tele, lakini vijana wamejazana mjini wanacheza pool. Kazi ni kazi, bora mkono uende kinywani. Sasa mwulize msemaji huyo mwanawe yuko wapi. Utaambiwa yuko benki, au yuko nje anasoma. Hajawahi kumpeleka kushika jembe la mtu mwingine hata likizo moja.

Mimi nasema hivi: KUCHAGUA KAZI NI HAKI. Punda ndiye hachagui mzigo. Ugomvi wangu ni na vigezo tunavyotumia kuchagua, na hapo sisi tuliosoma hatuna cha kujivunia.

Kwetu sisi kazi nzuri ina kiyoyozi, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na jina ambalo mama anaweza kulitaja kanisani. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Wengi walikuwa na shahada. Sidhani kama wengi wao waliuliza saa za kazi zikoje au nani anapandishwa cheo na kwa sababu gani. Ilikuwa serikalini, basi, inatosha.

Kwa hiyo mzee anasema kazi yoyote ni nzuri, na kijana anasema kazi nzuri ni ya ofisini. Wote wawili wanaitazama kazi kwa nje. Kama unataka kuitazama kwa ndani, panda gari tuelekee Mang'ola.

Ukitoka Karatu unaiacha barabara ya Ngorongoro pale Njiapanda, unateremka kuelekea Ziwa Eyasi. Joto linapanda kadiri unavyoshuka. Ziwa lenyewe ni la chumvi, na ukame unaoukuta njiani unaweza kukufanya ujiulize watu wanaishi vipi. Kisha ghafla unakutana na kijani. Maji ya chemchemi zinazolishwa na misitu ya milima ya Ngorongoro yanaingia kwenye mifereji, mifereji inaingia mashambani, na mashamba hayo ni vitunguu, vitunguu, vitunguu. Kitunguu cha hapa kimekuwa maarufu kiasi kwamba jina la mahali limekuwa jina la mbegu: ukienda duka la pembejeo ukaomba Mang'ola Red utapewa. Malori yanapakia kwenda Arusha, Dar, na mengine yanavuka Namanga kwenda Kenya.

Hapa ndipo hoja ya "ardhi ipo, vijana hawataki kulima" inapofia. Mang'ola imejaa vijana. Wapo Wairaqw walioteremka kutoka Karatu na Mbulu, wapo waliotoka Singida, wapo Wasukuma, wapo Wachaga, na wapo Wadatoga ambao baba zao walijua ng'ombe tu. Wanaamka alfajiri, wanaingia kwenye matope ya majaluba, wanainama. Kupandikiza miche ya kitunguu ni kuinama. Kupalilia ni kuinama. Kung'oa, kukata majani, kuchambua, yote ni kuinama. Anayesema vijana hawapendi jembe aje asimame kwenye mfereji saa kumi na mbili asubuhi atoe hotuba yake hapo.

Basi kazi ipo, soko lipo, na jasho lipo. Je, kazi hiyo ni nzuri? Nilipowauliza vijana wachache pale Barazani, hakuna aliyenilalamikia jua wala matope. Walizungumzia mambo mengine kabisa. Nimeyapanga kuwa maswali matano, na naomba uyasome ukiwa unaifikiria kazi yako wewe, hata kama una kiyoyozi.

Swali la kwanza: unajua utalipwa nini, na lini? Kibarua wa Mang'ola ana njia mbili za kuishi. Anaweza kulipwa kwa siku au kwa jaluba, ndiyo deiwaka. Au anaweza kuingia msimu na mwenye shamba, au na tajiri aliyekodi shamba, halafu wagawane baada ya mauzo. Njia ya pili inasikika tamu. Kitunguu kinachukua miezi minne mpaka mitano toka kitaluni hadi guniani. Miezi yote hiyo kijana anakula kwa mkopo wa tajiri. Unga umeandikwa kwenye daftari, na mbegu, mbolea, dawa ya wadudu, vyote vimo. Hata alipougua akapelekwa zahanati, limo. Daftari anakaa nalo nani? Tajiri. Siku ya mauzo gharama zinatolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Bei ikiwa imeanguka wiki hiyo, hakibaki kitu.

Angalieni ujanja uliomo humo. Siku ya kuamua mbegu ipi ipandwe, au auziwe dalali yupi, kijana ni kibarua, hana sauti. Siku ya hasara anaitwa mshirika. Ushirika gani huu wa kugawana maumivu tu?

Swali la pili: kipimo ni halali? Hapa ndipo penye lumbesa, lile gunia lililojazwa likashonewa kofia juu. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila mwaka Wakala wa Vipimo wanatoa tamko, na lumbesa inaendelea kupanda lori. Sisi waandishi tumeiandika sana habari hii, lakini siku zote tunaiandika kama dhuluma kwa mkulima. Ni kweli anadhulumiwa, anauza gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Lakini nani analijaza? Nani analibeba? Kijana anayelipwa kwa gunia anajaza kilo nyingi zaidi kwa ujira uleule, na kuli analiweka mgongoni. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hata gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya hapo. Lumbesa ni wizi wa mshahara na ni wizi wa uti wa mgongo. Kila siku tunaimbiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Ni mgongo wa nani, jamani?

Swali la tatu: kazi inakuacha mzima? Kitunguu kina wadudu wasumbufu, hasa vithiripi, na dawa inapigwa mara kwa mara. Mpigaji ana bomba mgongoni, kaptula, na mara nyingi ndala au miguu mitupu. Barakoa hana, glavu hana. Upepo ukigeuka ananyunyiziwa yeye. Akimaliza ananawa kwenye mfereji uleule unaopita kwa watu wengine. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaopaswa kumlipa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini mfuko unauliza: mwajiri wako nani? Kijana anamjua kwa jina moja tu, "Tajiri". Tajiri mwenyewe amehama, msimu huu yuko shamba jingine.

Swali la nne: miaka mitano ijayo utakuwa unajua nini ambacho leo hujui? Hili ndilo linalonichoma zaidi. Kijana aliyepandikiza misimu kumi anajua mno. Anajua maji ya kutosha kwa kuangalia rangi ya udongo, anajua kitunguu kitakachooza kabla hakijafika Namanga. Elimu hiyo hailipwi. Wa msimu wa kumi na wa msimu wa kwanza bei yao kwa jaluba ni moja. Hakuna ngazi. Na mgongo nao una ukomo wake, kwa hiyo baada ya muda aliye hodari zaidi anaanza kupata kidogo kuliko mgeni mwenye miaka kumi na tisa.

Swali la tano: unaweza kusema hapana ukabaki salama? Na hapa nataka niwaguse majirani wa Mang'ola ambao watu wengi huwataja kwa kejeli, Wahadzabe. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1968 kwamba kwa wastani walikuwa wakitumia pengine chini ya saa mbili kwa siku kutafuta chakula. Watafiti waliokuja baadaye walipima wakapata saa nyingi zaidi, na sitaki kumpamba mtu. Maisha ya porini yana njaa yake na vifo vyake. Lakini Woodburn aliona jambo jingine lenye uzito: Mhadzabe hana bosi. Asipopatana na wenzake kambini anahama. Chakula chake hakiko kwenye daftari la mtu.

Mtu wa namna hiyo tumezoea kumwita mvivu. Kisha mashamba na mifugo vikasogea, wanyama wakapungua, na leo kijana wa Kihadzabe anamsubiri mtalii asubuhi ili amwonyeshe jinsi babu yake alivyokuwa akiwinda. Mwaka 2020 korona ilipozuia watalii duniani, kazi hiyo ilikauka, na hoteli za Karatu zilibaki na vitanda vitupu. Tukaelewa wakati ule kwamba hata kazi ya kuvaa sare safi na kusema "welcome" inaweza kukatika kama uzi.

Uwezo wa kuondoka ndio unaomfanya mwajiri akuheshimu. Kibarua mwenye deni la unga haondoki. Anayejua kwamba nyuma yake kuna vijana mia wanaosubiri, haondoki. Ndiyo maana napinga "kazi ni kazi". Msemo huo unamfundisha kijana asiwe na mahali pa kusimama anapopatana bei.

Na msidhani natoa somo hili kutoka juu ya mnara. Majina mengi mnayoyasoma magazetini Bongo ni ya watu wasio na mkataba. Tunaitwa makorespondenti. Tunalipwa kwa habari iliyochapwa, kama vile kibarua anavyolipwa kwa jaluba. Habari isipotoka, nauli imekwenda na maji. Chombo kimoja nilichokiandikia kilikaa na malipo yangu miezi mitatu, na nilipouliza nikaambiwa nishukuru jina langu linaonekana. Jina halinunui unga. Halafu watu wanashangaa kwa nini mwandishi anapokea bahasha ya khaki kwenye semina. Yule kijana wa Mang'ola na mimi tuna tatizo moja, tofauti ni viatu. Yeye angalau hajidanganyi kwamba ana kazi ya heshima.

Najua jibu la wakubwa: jiajirini. Tumelisikia kwa kila wimbo. Mwaka 2005 tuliahidiwa ajira milioni moja, mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, sasa kuna BBT, Jenga Kesho Iliyo Bora. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024. Sizipingi programu hizi. Lakini hesabu yake haifungi. Kijana mmoja akipata mkopo akakodi ekari mbili za vitunguu, atapandikiza peke yake? Atatafuta vibarua. Kwa kila anayejiajiri Mang'ola kuna wengi wanaoajiriwa naye, na hao hakuna anayewahutubia. Tukizalisha matajiri wadogo elfu moja wenye daftari lilelile, tumeongeza nini?

Kinachonikera zaidi ni kwamba sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Ziada inalipwa mara moja na nusu. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na asiyeyaelewa afafanuliwe kwa namna anayoielewa. Zaidi ya hapo, kifungu cha 15 kinasema kesi ikifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha makubaliano ni wa MWAJIRI. Someni tena hapo. Kutokuwa na karatasi, ambako vijana wetu wanadhani ni udhaifu wao, kisheria kunaweza kuwa udhaifu wa bosi. Kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ya kupokea malalamiko, lakini muda ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine. Tuna pia kima cha chini. Kwa kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi katika amri ya 2013, kikawa 140,000 kuanzia Januari 2023, na Oktoba 2025 serikali ikatangaza viwango vipya vya sekta binafsi vya kuanza Januari 2026. Ile 140,000 ni karibu shilingi 5,400 kwa siku. Kibarua hodari wa kupandikiza ana siku anazopata zaidi ya hapo. Sawa. Na siku anazokaa kijiweni akisubiri kitunguu kikomae? Na msimu uliogawanywa ukabaki sifuri?

Kuna atakayeniambia: wewe mtoto wa mjini, mkulima mwenyewe wa Mang'ola ana ekari moja, anakabwa na dalali, mkataba atautoa wapi? Hoja hii naiheshimu, na nusu yake ni kweli. Mkulima mdogo hawezi kuendesha ofisi ya utumishi. Lakini kuandika makubaliano kunahitaji ukurasa mmoja wa daftari la shule na mashahidi wawili. Daftari la gharama lipo tayari! Tatizo ni kwamba liko moja. Yawe mawili, kila mtu na lake, na kila linapoandikwa lisomwe kwa sauti. Hilo halimfilisi mtu, isipokuwa aliyekuwa akila kwenye giza.

Na bei ya dalali isiwe kisingizio. Mkulima anayedhulumiwa na lumbesa na kibarua anayejaza lumbesa wana adui mmoja. Mzani uliokaguliwa, ukiwekwa sokoni na ukatumika kweli, unawalipa wote wawili siku hiyohiyo. Mashamba makubwa ya maua, miwa na chai yana chama, TPAWU, kinachosaini mikataba ya hali bora na waajiri. Vijana wa Mang'ola hawana mwajiri mmoja wa kukaa naye mezani, lakini wana kitu ambacho mkulima hawezi kukikwepa: kitunguu kikikomaa hakisubiri. Vijana hamsini wakikubaliana bei ya jaluba kabla ya msimu, wakakubaliana kwamba hakuna anayebeba gunia lenye kofia, watasikilizwa. Kulalamika mmoja mmoja kwenye kibanda cha chipsi hakujawahi kupandisha ujira wa mtu.

Wakubwa wa ILO mwaka 1999 walianza kutumia maneno ambayo kwa Kiswahili tunayaita kazi zenye staha. Ni maneno mazuri, yanasomwa kwenye semina za Arusha mjini na watu wanakula sambusa. Mimi nataka staha iteremke kutoka Njiapanda mpaka mferejini. Naitafsiri hivi: ujue malipo yako na siku yake, kipimo kiwe cha haki, urudi nyumbani mzima, kesho ujue zaidi ya jana na ulipwe kwa hilo, na ukisema hapana usife njaa. Kazi yenye hayo ni nzuri hata kama ina matope. Kazi isiyo nayo ni mbaya hata kama ina lifti.

Kwa hiyo wewe msomaji uliye na shahada na barua ya maombi mkononi, ukiitwa usaili safari hii usiishie kuulizwa. Uliza na wewe. Omba maandishi. Hesabu saa zako. Na wewe unayeajiri dada wa kazi, mlinzi, au kijana wa kukulimia kashamba kako ka wikiendi, maswali haya matano yanakuhusu kabla hayajamhusu waziri. Leo jioni ukikatakata kitunguu jikoni ukatokwa na machozi, ujue kuna aliyelia kabla yako, naye hakulipwa.

Naomba kutoa hoja.